Kabla hujakimbilia mahakamani, soma kurasa za mwisho za mkataba

Uamuzi mdogo uliotutoa mahakamani uliishia na mistari minne. Shauri limesimamishwa. Pande zote ziende kwa msuluhishi kama zilivyokubaliana. Mdai alipe gharama za maombi. Mdai ni sisi. Tulikuwa tumelipa ada ya kufungua kesi na ada ya wakili, tumehudhuria kwa miezi 11, na katika muda wote huo hakuna aliyegusa swali la kama kweli tunadai. Jaji alisoma kipengele kimoja cha mkataba wetu wenyewe, chenye saini yetu wenyewe, akafunga jalada.

Mkataba ulikuwa wa kuuza mitambo kwa awamu. Awamu mbili za mwanzo zililipwa, ya tatu ikapokelewa kwa saini na mhuri kisha mnunuzi akanyamaza. Tuliandika barua tatu za madai, hakujibu hata moja. Tukaenda mahakamani tukiwa na hasira, na hasira ndiyo iliyotufanya turuke kipengele cha 23, kinachopeleka migogoro kwa msuluhishi, yaani mtu tuliyekubaliana asikilize na kuamua badala ya mahakama. Kilikuwa ukurasa wa 13 kati ya 14, kati ya kipengele cha anwani za barua na kile cha lugha ya mkataba. Tulikuwa tumeusoma mkataba mara nyingi, lakini kila mara tulitafuta bei, tarehe na riba. Kipengele cha migogoro hakisomwi siku ya kusaini kwa sababu siku hiyo watu wanapendana, na siku ya ugomvi kila mmoja ana haraka.

Hata wakili wetu alipokitaja, tulikuwa na jibu: hapa hakuna mgogoro, kuna deni. Mnunuzi hajakana, hajalalamikia ubora, amenyamaza tu. Kwa nini twende kwa msuluhishi kuamua jambo ambalo hakuna anayelibishia? Hoja hii inavutia sana, na watu wengi huijengea kesi nzima. Nguvu yake inategemea maneno ya sheria ya mahali ulipofungua kesi. Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, kifungu cha 6, inaruhusu mahakama kukataa kusimamisha shauri ikiona kwamba kwa kweli hakuna mgogoro kuhusu jambo lililokubaliwa kupelekwa kwenye usuluhishi. Uingereza nayo ilikuwa na maneno ya namna hiyo katika sheria yake ya 1975, lakini sheria ya 1996 iliyaondoa, na mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ya huko ikasema kwamba dai lisilokubaliwa na mdaiwa ni mgogoro, hata kama mdaiwa hana utetezi wa maana. Sheria ya Mfano ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa) ya 1985, ambayo nchi nyingi zimeifuata, haina upenyo huo kabisa. Sheria iliyotuhusu ilikuwa ya mkondo huo. Ukimya wa mdaiwa haukutusaidia kitu.

Kilichoweza kutusaidia ni karatasi moja ambayo hatukuiomba wakati bado tunasemezana: uthibitisho wa salio uliosainiwa na mnunuzi. Deni lililokubaliwa kwa maandishi ni jambo tofauti na deni lililonyamaziwa. Hapo ndipo hoja ya “hakuna mgogoro” inapopata miguu katika nchi zenye upenyo ule, na hata pasipo na upenyo, inafupisha sana kazi mbele ya msuluhishi. Mkiandikiana mpango wa kulipa deni kidogokidogo, andikeni ndani yake mgogoro wa mpango huo utaamuliwa wapi. Ukiacha wazi, mtatumia mwaka mzima mkibishana kama kipengele cha mkataba wa zamani kinaufikia mpango mpya.

Nieleze sasa upande wa pili ulivyofanya, maana walifanya vizuri na mdaiwa yeyote anaweza kujifunza kutoka kwao.

Wakili wa mnunuzi alipokea hati ya wito, na ndani ya muda wa kuitikia akaleta nyaraka mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya kuitikia wito, ikiwa na sentensi moja ya ziada kwamba mdaiwa anaitikia kwa ajili tu ya kuomba shauri lisimamishwe na hakubali mamlaka ya mahakama juu ya kiini cha madai. Ya pili ilikuwa maombi yenyewe, yakiungwa mkono na kiapo kifupi cha aya tisa. Aya hizo zilisema kwamba mkataba upo na nakala imeambatishwa, kipengele cha 23 kinasema hivi neno kwa neno, madai yote yanatokana na mkataba huo, mdaiwa hajachukua hatua yoyote ya kujibu kiini cha kesi, na mdaiwa alikuwa tayari na bado yuko tayari kwenda kwa msuluhishi. Basi. Hakuleta utetezi wala madai kinzani, na hakusema lolote juu ya mitambo.

Kujizuia huko ndiko kulikomshindia. Wadaiwa wengi, kwa hofu ya kuhukumiwa bila kusikilizwa, huwahi kuleta utetezi na kuweka ndani yake aya moja ya “pingamizi la awali” kwamba kuna kipengele cha usuluhishi. Katika nchi nyingi, mdaiwa akishafanya hivyo amechelewa. Sheria ya Mfano, kifungu cha 8, inataka ombi liletwe si baada ya maelezo ya kwanza ya mdaiwa kuhusu kiini cha mgogoro. Uingereza, kifungu cha 9 cha sheria ya 1996 kinasema usiombe kabla ya kuitikia wito, wala baada ya kuchukua hatua ya kujibu madai yenyewe. Sheria ya Tanzania ya 1931, iliyodumu mpaka Sheria ya Usuluhishi ya 2020 ilipochukua nafasi yake, ilitaka ombi lije baada ya kuitikia wito na kabla ya kuleta utetezi au kuchukua hatua nyingine. Kenya ni kali zaidi: ombi lije kabla ya mdaiwa kuitikia wito au wakati uleule anapoitikia. Ukiitikia leo ukasema maombi utaleta wiki ijayo, umejifungia mlango. Kisha uende Uganda, ambako sheria ya 2000 inasema kinyume: ombi linaletwa baada ya utetezi kuwasilishwa na pande zote kupata nafasi ya kusikilizwa. Hizo ni nchi jirani zenye wafanyabiashara walewale, na hatua inayokuokoa upande mmoja wa mpaka inakuangamiza upande wa pili. Kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki aliyeshinda maombi kama hayo nchi nyingine. Fungua sheria ya mahakama uliyoitwa, soma kifungu chenyewe, kisha uhesabu siku.

Hatua ni nini hasa? Kuomba nakala ya nyaraka za mdai kwa kawaida si hatua. Kuomba muda wa kujibu ni eneo la hatari: ukiomba muda “wa kuandaa utetezi” umeonyesha kwamba unakubali kupigania hapo, lakini ukiomba muda “wa kufikiria kuomba shauri lisimamishwe, bila kuathiri haki hiyo” uko mahali salama zaidi. Kuleta madai kinzani ni hatua bila ubishi. Kuhudhuria vikao vya kupanga ratiba mara tatu nne bila kutaja usuluhishi, hata kama hujaandika kitu, kunakupunguzia nguvu. Na usidhani mahakama itakuonea huruma kwa kuwa mpinzani hajaumia kwa kuchelewa kwako. Marekani, mahakama nyingi za shirikisho zilizoea kumsamehe mchelewaji mpaka mpinzani athibitishe ameathirika, lakini mwaka 2022, katika kesi ya Morgan dhidi ya Sundance, Mahakama ya Juu ililiondoa sharti hilo. Siku hizi huko linaangaliwa zaidi jambo moja: umetenda kama mtu anayetaka mahakama, au kama mtu anayetaka usuluhishi?

Sisi tulipinga maombi yale kwa hoja nne, na zote zilianguka. Nazieleza moja moja kwa sababu ndizo hoja zinazomjia kila mtu.

Tulisema kwanza kwamba mkataba umekwisha, tumeuvunja kwa barua, hivyo kipengele chake nacho kimekufa. Hapana. Kipengele cha usuluhishi huhesabiwa kuwa makubaliano yanayojitegemea ndani ya mkataba. Sheria ya Mfano inasema hivyo katika kifungu cha 16, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1967 katika kesi ya Prima Paint, na Uingereza ikakazia mwaka 2007 katika Fiona Trust, ambako hata madai kwamba mikataba ilipatikana kwa rushwa hayakuwatoa watu kwenye usuluhishi. Kipengele hiki kiliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mkataba umeharibika, kwa hiyo kuharibika kwa mkataba hakukigusi. Ukitaka kukivunja, lazima uonyeshe kasoro iliyokipata chenyewe, kwa mfano kwamba saini iliyo chini ya mkataba si yako kabisa.

Pili tulisema hatuna fedha za usuluhishi. Hiyo ilikuwa kweli, na kuisema mbele ya watu kuliuma. Jaji alisikiliza kwa heshima kisha akasema ukata wa mdai haufanyi makubaliano “yasiweze kutekelezwa”. Uingereza walisema hivyo tangu 1981. Ujerumani walikwenda njia nyingine mwaka 2000, ambako mahakama yao ya juu ya shirikisho ilimwachia mtu asiye na uwezo arudi mahakamani. Huo ni msimamo wa wachache, usiuwekee kesi yako yote.

Hoja ya tatu ilihusu mdhamini. Tulikuwa tumemshtaki mnunuzi pamoja na mdhamini wake, na hati ya dhamana haikuwa na kipengele cha usuluhishi. Tukasema haiwezekani kesi moja ikatwe vipande. Mahakama iliikata. Ilisimamisha madai dhidi ya mnunuzi kwa sababu sheria inailazimisha, na yale dhidi ya mdhamini ikayasimamisha pia kwa busara yake ya kuratibu mashauri, mpaka tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, itoke. Tulipoteza kote kuwili. Kama dhamana na mkataba vingeandikwa kipengele kilekile, tungekwenda mara moja na watu wote wawili.

Ya nne ndiyo pekee iliyokuwa na uzito, na tuliiandaa vibaya. Baadhi ya madai yetu hayakutoka kwenye mkataba wa mauzo. Kulikuwa na vifaa tulivyomkodisha mnunuzi kwa makubaliano mengine mafupi. Swali la kuuliza hapo ni: jambo lenyewe, kwa asili yake na si kwa jina lililoandikwa juu ya hati ya madai, ni lipi, na je, jambo hilo linaingia ndani ya maneno ya kipengele? Septemba 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuata njia hiyo katika kesi ya Msumbiji dhidi ya kampuni ya Privinvest. Mikataba ya ununuzi ilikuwa na vipengele vya usuluhishi nchini Uswisi, lakini madai ya Msumbiji yalihusu rushwa na dhamana za serikali, na mahakama ikaona mambo hayo hayamo ndani ya vipengele vile, kesi ikaendelea. Sisi tulikuwa tumechanganya kila kitu katika hati moja ya madai, aya juu ya aya, mpaka jaji akashindwa kuona ukodishaji unaanzia wapi. Ukiwa na dai lililo nje ya kipengele, litenge tangu hati ya madai: aya zake, kiasi chake, nyaraka zake.

Nje ya hoja hizo, milango ya mdai ni mitatu tu, na imeandikwa hata katika kifungu cha 2 cha Mkataba wa New York wa 1958, ule wa kimataifa wa kutambua tuzo za usuluhishi: makubaliano ni batili, yamekosa nguvu, au hayatekelezeki. Kutotekelezeka kunamaanisha mambo kama kipengele kinachotaja taasisi isiyokuwepo bila njia yoyote ya kuibadilisha, au chenye maneno yanayopingana kiasi kwamba haijulikani kama kuna usuluhishi au hakuna. Na hata hapo mahakama nyingi hupendelea kukiokoa kuliko kukizika.

Kuna wanaodhani wataukwepa usuluhishi kwa kuomba kampuni ya mdaiwa ifilisiwe badala ya kudai deni. Mwaka 2024, Baraza la Faragha la Uingereza, ambalo ni mahakama ya mwisho ya rufaa kwa maeneo kadhaa ya ng'ambo, katika rufaa iliyotoka Visiwa vya Virgin vya Uingereza, lilisema ombi la kufilisi halisimamishwi kwa sababu tu kuna kipengele cha usuluhishi. Mdaiwa lazima aonyeshe kwamba deni linabishaniwa kwa sababu za kweli na nzito. Njia hiyo ipo, ila ni kali: deni likiwa na ubishi wa kweli unaondoka na gharama, na kampuni ikifilisiwa unapanga foleni na wadai wengine.

Sasa nifike kwenye jambo lililotukosesha usingizi.

Tulifungua kesi tukiwa katika mwaka wa tano tangu malipo yalipopaswa kufanyika. Ukomo wa madai ya mkataba ulikuwa miaka 6, kama ilivyo Uingereza, Kenya na Tanzania. Tulidhani kwa kufungua kesi tumesimamisha saa. Saa ya mahakama tuliisimamisha, ndiyo. Saa ya usuluhishi ilikuwa inatembea. Usuluhishi, kwa Sheria ya Mfano kifungu cha 21, unaanza siku mdaiwa anapopokea ombi la kupeleka mgogoro kwa msuluhishi, na hati ya madai ya mahakamani si ombi hilo. Siku uamuzi mdogo ulipotoka tulikaa mezani na kalenda, tukahesabu: zilibaki wiki 15. Kama mpinzani angeomba kuahirishiwa mara mbili zaidi, au jaji angeugua, tungekuwa na dai la haki lisilo na pa kwenda.

Nalisisitiza hili kuliko yote. Ukiona ni lazima ufungue kesi na mkataba una kipengele cha usuluhishi, siku hiyohiyo mpelekee mpinzani taarifa ya usuluhishi, ukiandika wazi kwamba unafanya hivyo kulinda muda na bila kuacha msimamo wako mahakamani. Sheria ya Mfano inaruhusu usuluhishi uanze na uendelee hata kabla mahakama haijaamua suala la mamlaka. Mikataba ya ujenzi ina saa fupi zaidi: katika masharti ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi ana siku 28 za kutoa taarifa ya dai tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio. Siku hizo hazingoji mahakama.

Taarifa yetu tuliiandika kwa mpangilio wa kifungu cha 3 cha Kanuni za UNCITRAL, ingawa kipengele chetu hakikutaja kanuni zozote: ombi kwamba mgogoro upelekwe kwa msuluhishi, majina na anwani za pande zote, kipengele chenyewe kilichonukuliwa, mkataba unaohusika, maelezo mafupi ya dai na kiasi chake, nafuu tunazoomba, na pendekezo la idadi ya wasuluhishi, lugha na mahali. Kurasa nne. Tuliipeleka kwa njia zote zilizotajwa katika kipengele cha anwani: kwa mkono, kwa kampuni ya vifurushi, na kwa barua pepe. Nakala iliyopokelewa kwa mkono ilirudi na saini, jina, tarehe na saa. Karatasi hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ushahidi wetu wa siku ya kuanza.

Hapo tukakutana na udhaifu wa kipengele chenyewe. Kilisomeka hivi, chote: “Mgogoro wowote utakaotokana na mkataba huu utatatuliwa kwa usuluhishi na msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote mbili.” Sentensi inaonekana safi, lakini angalia kilichokosekana. Wasipokubaliana juu ya msuluhishi, nani anateua? Haisemi. Makao ya kisheria ya usuluhishi ni wapi, yaani mahakama za nchi gani zitasimamia? Haisemi. Hakuna kanuni, lugha wala muda. Watu wawili wasiosalimiana wanatakiwa wakubaliane jina la mtu. Tulipendekeza majina matatu, wakayakataa yote, wakaleta matatu yao, tukayakataa. Mwishowe tulirudi mahakamani, safari hii kwa maombi ya kuteuliwa msuluhishi. Kipengele kinachotaja kanuni kingetuokoa: chini ya Kanuni za UNCITRAL, siku 30 zikipita tangu pendekezo lipokelewe bila makubaliano, mamlaka ya uteuzi iliyotajwa inateua.

Na kuna tatizo la neno lenyewe, linalotuhusu sisi tunaoandika mikataba kwa Kiswahili. Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15 ya Tanzania, inalitumia neno “usuluhishi” kwa maana ya mtu wa tatu kusikiliza na kutoa uamuzi unaofunga. Lakini Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi cha nchi hiyohiyo, inaliita “usuluhishi” zoezi la kuwapatanisha watu bila kuwaamulia, na kazi ya kuamua inaiita “uamuzi”. Mpinzani wetu alijaribu kuutumia utata huo baadaye, akidai kipengele kilimaanisha tu kukaa na kuongea. Hakufanikiwa, lakini alituchelewesha wiki sita. Ukiandika kwa Kiswahili, ongeza maneno yanayofunga maana: “msuluhishi atasikiliza na kutoa tuzo ya mwisho inayozifunga pande zote”. Na kama mnataka kwanza mazungumzo au upatanishi, yawekeeni siku, kwa mfano 30, tangu taarifa ya maandishi. Kipengele kinachosema “watajitahidi kukubaliana” bila siku kinampa mdaiwa pingamizi kwamba umekuja mapema.

Gharama zilikuja kwa namna tusiyoitarajia. Mahakamani unalipa ada ya kufungua, na jaji halipwi na wewe. Kwenye usuluhishi mnamlipa msuluhishi, ukumbi, na taasisi kama ipo. Kwa kipimo tu: Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ICC, hutoza dola 5,000 za kufungua shauri ambazo hazirudi, kisha hupanga amana kulingana na kiasi kinachodaiwa, kila upande ukilipa nusu. Kwa madai madogo kwao kuna utaratibu wa haraka wa msuluhishi mmoja, ambao kwa makubaliano ya kuanzia 1 Januari 2021 uliwekewa kikomo cha dola milioni 3. Dai lako likiwa dogo, chagua utaratibu wa namna hiyo ndani ya kipengele, la sivyo gharama inaweza kulila dai lote.

Sisi tulipangiwa amana nusu kwa nusu. Mnunuzi, yuleyule aliyeapa yuko tayari kwenda kwa msuluhishi, hakulipa nusu yake. Niliposoma barua ya kutujulisha hilo nilisimama nikatoka nje ya ofisi. Asipolipa mmoja, mwingine hulipa zote mbili au shauri linasimama. Tulikopa tukalipa. Kisha tukamwomba msuluhishi atoe kwanza tuzo ya sehemu kumwamuru mnunuzi arudishe nusu yake, na alitoa. Njia nyingine ni kurudi mahakamani na kusema aliyeomba shauri lisimamishwe amekataa kulipia usuluhishi aliouomba. Baadhi ya mahakama za rufaa za shirikisho za Marekani zimekubali kesi iendelee katika hali hiyo. Ndiyo maana kile kiapo cha “yuko tayari” kina thamani: kihifadhi, kitumie.

Pia ombeni kwamba shauri lisimamishwe, lisifutwe. Likisimamishwa, jalada lina namba, na mnaweza kulirudia kwa ajili ya amri za muda, uteuzi au utekelezaji. Marekani, Mahakama ya Juu ilisema Mei 2024, katika Smith dhidi ya Spizzirri, kwamba upande ukiomba shauri lisimamishwe, jaji hana uhuru wa kulifuta badala yake. Na ukiwa na hofu kwamba mali itahamishwa wakati mnangoja msuluhishi, omba zuio mahakamani bila woga. Sheria ya Mfano, kifungu cha 9, inasema kuomba ulinzi wa muda hakupingani na makubaliano ya usuluhishi. Sisi tulihofu tutaonekana tumeyaacha, tukakaa kimya, na mtambo mmoja ukauzwa.

Tuzo ilitoka miezi tisa baada ya msuluhishi kuteuliwa, tukapewa sehemu kubwa ya tulichodai. Ili kuitekeleza nje ya nchi, Mkataba wa New York, kifungu cha 4, unataka vitu viwili: tuzo halisi au nakala iliyothibitishwa, na makubaliano ya usuluhishi halisi au nakala iliyothibitishwa. Tuzo tulikuwa nayo. Mkataba halisi, wenye saini za wino na mihuri miwili, tulikuwa tumeuambatisha kwenye hati ya madai siku ile ya hasira, na sasa ulikuwa ndani ya jalada la shauri lililosimamishwa, kwenye masjala. Tuliandika barua, tukalipa ada ya upekuzi, karani akatafuta kwa siku tatu. Ulipatikana ukiwa umetobolewa matundu mawili pembeni, moja likiwa limepita katikati ya namba 23. Tangu hapo mahakamani tunapeleka nakala zilizothibitishwa tu, na halisi inakaa kwenye kasha la chuma ofisini.